Yule Bibi Mwenye Barakoa

Ghubra, Maskati
Februari 1998

Mdogo wangu Ghaith,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Mildred na binti yetu Bakhita, na kwamba hiyo theluji uliyonisimulia kwenye simu imeanza kupungua. Nilipomwambia Aflah kuwa unaamka alfajiri kuichota kwa sepeto ili upate kutoa gari, alicheka, akasema basi yeye, shemeji yako, halalamiki tena juu ya mchanga wa Amerat. Mimi nilicheka naye, kisha nikakuonea huruma, maana nakujua ulivyokuwa mvivu wa kuamka.

Sisi huku hatujambo. Idi tumeisali salama, nguo za watoto zilitoka kwa fundi usiku wa mwisho kama kila mwaka, na mafua yamempitia kila mtu nyumbani isipokuwa Mama. Yeye anasema mafua ni ya watu wanaolala na kiyoyozi. Sukari yake imetulia. Jicho la kulia bado lina ule utando, na daktari anataka kumpasua mwezi wa nne, naye amekubali baada ya kumtaabisha sana yule daktari kwa maswali. La kushoto ni zima, na kwa hilo moja anaona kila tunachofanya na vingine tusivyovifanya.

Nyumba yetu mpya ya Amerat imekwisha, bado rangi tu, alhamdulillahi. Aflah amekonda kwa kupanda na kushuka ule mlima kila siku kwenda kuwasimamia mafundi. Tulikusudia kuhama skuli zikifungwa mwezi wa sita. Mama ana chumba chake chini, na choo chake, na dirisha linaloelekea milimani. Mara ya kwanza alipokiona alisema kizuri. Mara ya pili akasema hahami. Tulimuuliza sababu akasema maji ya kule yana chumvi, na tulipomwonjesha maji akasema basi ni hewa. Sababu yenyewe nimeijua wiki iliyopita tu, na ndiyo iliyonikalisha niandike, kwa sababu si habari ya kupiga kelele kwenye simu huku laini inakatika.

Lakini lazima nianze mbali. Itabidi nikuhadithie mchezo wa televisheni, tena wa besiboli, tena wa watu wa angani. Utanicheka, wewe unayeishi kwa wenyewe. Nikikosea masharti ya mchezo nisamehe, usinisahihishe mpaka nimalize.

Unajua tangu Aflah alipoweka dishi juu ya paa, Mama ndiye mwenye rimoti. Mwanzo alisema chombo hicho kitatuingizia mambo, siku hizi yanayoingia ameyazoea. Tatizo ni lugha. Kiingereza hana, na Mus-haf anausoma toka mwanzo mpaka mwisho bila kukosea, lakini yale maandishi ya Kiarabu chini ya picha yanakimbia na jicho lake moja haliyafuati. Kwa hiyo mimi ndiye mkalimani wake. Alhamisi baada ya Alasiri nakaa chini karibu na miguu yake, namtafsiria kwa Kiswahili, naye anagombana na watu walio ndani ya sanduku. Swali lake kubwa ni moja tu, huyu mtoto wa nani. Afisa wa polisi akitokea, mtoto wa nani. Mwizi akikamatwa, mama yake yuko wapi. Kwa Mama hakuna mtu kwenye televisheni asiye na mama yake mahali fulani anamngoja, na nikimwambia sijui, ananiona mkalimani mbovu.

Basi ilikuwa Shaaban, kabla ya mfungo, wakaonyesha hadithi moja katika zile za zamani za Kimarekani, picha nyeusi na nyeupe, ya wakati wewe na mimi hatujazaliwa. Waliitunga iwe ya miaka ya mbele huko, na hiyo miaka yao ya mbele imekwisha kutupita sisi. Watu wamevaa nguo zinazong'aa kama karatasi ya chokoleti, wanasafiri kwa chombo cha angani kutoka sayari hadi sayari, kazi yao kuwachezea besiboli wachimba madini ili wasichoke na upweke. Mama alipouona ule mpira na lile rungu alisema huo ni mchezo wa rede, na kwamba yeye utotoni, Ng'ambo ya kule kwetu visiwani, alikuwa harushiwi mpira akapatikana. Nilimwacha na rede yake.

Wakafika kwenye sayari moja ndogo, na hapo ndipo penye mkosi. Kijana mmoja akaupiga mpira ukaenda mbali, akaanza kukimbia. Jina lake nimelisahau. Mama alimwita huyu mtoto, na likamtosha. Sasa sayari ile wakati wake umepinda. Mwenye kukimbia anaona anakimbia pumzi moja tu, lakini kwa wale waliokaa kumtazama miaka inapita. Alipoondoka kituo cha kwanza rafiki zake walikuwa vijana. Alipofika cha pili wana mvi. Alipofika cha tatu viti vyote ni vitupu, majani yameota, na yeye bado ana uso ule ule na jasho lile lile, anashangaa mbona kelele zimenyamaza.

Mama aliuliza sasa huyu mtoto anakwenda wapi. Nikamwambia anarudi alikoanzia. Maandishi ya Kiarabu yaliandika kituo cha nne, lakini Wamarekani wenyewe hukiita nyumbani, nami nilitafsiri nilichokisikia, nikamwambia kituo cha mwisho ni nyumbani. Akataka kujua akishafika anafanya nini. Nami kwa wepesi wa ulimi wangu, ule unaoujua, nikamweleza kuwa kufika peke yake hakutoshi, lazima akanyage. Asipokanyaga nyumbani, mbio zake zote hazihesabiwi.

Neno lilikwisha kutoka. Ghadeer wangu alikuwa amelala chali kwenye zulia, akageuka kututazama, kwa sababu hata yeye, aliyekuwa mtoto wa miaka minne siku neno hilo lilipoapiwa, anajua kuwa humu ndani neno hilo halisemwi. Sisi tukitaka kumkataza mtoto asikanyage maji tunasema asipite.

Sijui kama nawe ulikwisha kuhadithiwa ilivyokuwa, au uliletewa maneno matupu. Ilikuwa siku ya hitima ya Baba, Mungu amrehemu. Sebule imejaa wanawake mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye simu, umenieleza kuwa makaratasi yako hayajakamilika, kwamba ukitoka Marekani hawatakuruhusu kurudi, na Mildred siku zake za kujifungua zimekaribia. Nilikuelewa, Ghaith. Wallahi nilikuelewa siku ile ile. Lakini mmoja wa wale wageni akauliza kwa sauti mwana wa kiume wa marehemu anafika lini, na nyuso zote zikamgeukia Mama, nami nikajibu haji. Mama akasimama katikati ya watu, akasema, "Wallahi Ghaith hatokanyaga mlango huu na mimi n'hai." Kisha akakaa, akaendelea kusoma juzuu yake. Hakulirudia tena neno lile, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza. Makaratasi yako yamekamilika tangu mwaka juzi, nauli unayo, na kinachokuzuia ni sentensi moja iliyosemwa na mama mwenye uchungu.

Ile simu aliyoipiga Mildred mwaka jana naijua pia, hata kama wewe hukuniuliza. Mama ndiye aliyepokea. Mildred akasema shikamoo mama, na Mama kwa mazoea akaitikia marahaba mwanangu, hujambo. Halafu akatambua ni nani, akaweka simu chini pole pole. Jioni nzima alikuwa akijisemea peke yake kwamba lafudhi ile si ya kwetu, ni ya bara. Sikujua kama analalamika au anakumbuka.

Turudi kwenye mchezo wetu. Kijana yuko kituo cha tatu, uwanja mtupu. Aliyebaki ni mtu mmoja tu, pale pale nyumbani, amechuchumaa, uso umefunikwa, mpira mkononi. Wewe unamjua kazi yake, ndiye mdakaji. Mama aliinuka kwenye mto wake, akauliza yule bibi ni nani.

Ghadeer akamwambia bibi yake kwamba yule ni mwanamume, na kile usoni ni chuma cha kumkinga asipigwe na mpira. Mama akamjibu kuwa asimfundishe barakoa. Mama yake mwenyewe alivaa barakoa miaka yote, pua ilikuwa buluu kwa rangi ya kitambaa, na kuchuchumaa mlangoni namna ile akisubiri watu watoke msikitini alikuwa akichuchumaa kila siku. Kwake yeye jambo lilikuwa wazi. Yule ni mama wa huyu mtoto. Rafiki wamezeeka wameondoka, mashabiki wameondoka, aliyebaki anangoja nyumbani ni nani mwingine kama si mama mtu.

Nilitaka kumsahihisha, na sikumsahihisha. Alikuwa amepata jibu la lile swali lake la siku zote, nikaona nimwachie.

Lakini akaniuliza yule bibi ule mpira anautakia nini. Hapo nikababaika. Nikamweleza kuwa akimgusa nao yule kijana kabla hajakanyaga, kijana ametoka, basi, mchezo umekwisha. Mama akasema, "Kwa hivyo yeye ndo anomzuia?" Nikamwambia ndiye. Akauliza, "Mlangoni kwake mwenyewe?" Hapo hapo geti liligongwa na akaingia Bi Kheiria wa nyumba ya pili na wakwe zake wawili, wamekuja kutupa habari za posa ya mwanawe. Televisheni ikazimwa, kahawa ikaletwa na halwa. Mama aliwapokea vizuri lakini halwa hakuigusa, na Bi Kheiria alipomaliza kueleza mahari na siku ya harusi, Mama akamuuliza kama kijana ana mama. Bi Kheiria akasema mama yake ni mimi hapa, nimekaa mbele yako.

Ile stesheni ina tabia ya kurudia vipindi vyake Jumamosi asubuhi. Mimi nilikuwa skuli nafundisha na Ghadeer yuko skuli. Nilipoingia ndani adhuhuri sijaweka hata mkoba, Mama akanambia ameuona mwisho. Akanihadithia kwa kusimama. Huyu mtoto alikuja mbio, akasema, na bibi akamwona anakuja. Akamtazama. Akanyanyuka kwa taabu, magoti yanamuuma, akafungua mkono, mpira ukaanguka chini ukaenda zake. Mtoto akakanyaga nyumbani. Mama alinionyesha mkono wake ulivyofunguka, kidole kimoja kimoja. Nilifurahi kwa ajili yake, nikasema moyoni hawa Wamarekani wanajua kumaliza hadithi, nikaenda kupasha chakula.

Wiki hiyo hiyo Aflah akatia mguu penye shimo. Unamjua shemeji yako, hana ubaya hata chembe, lakini akipata wazo la busara hawezi kulimeza. Tunakula, akamwambia Mama kwa upole kuwa amefikiri jambo. Kiapo kilikuwa cha mlango huu wa Ghubra. Mlango wa Amerat ni mwingine, haukutajwa. Tukishahamia kule, Ghaith anaweza kuja na mkewe na mtoto, na kiapo cha Mama kitabaki mahali pake hakijaguswa. Mimi niliacha kutafuna. Kusema kweli nililipenda wazo lile, hata mimi nilikwisha kulifikiria.

Mama alimwangalia kwa lile jicho moja. Akamwambia Mungu hachezewi kwa kubadilisha milango, na kwamba mwanawe si mbuzi wa kupenyezwa uani. Akanawa mikono, samaki wake nusu, akaingia chumbani. Aflah alikwenda kumwomba radhi mara mbili, na mara ya pili alisamehewa. Lakini tangu hapo ndipo Mama aliposema wazi kuwa Amerat hahami, na mimi nikakata tamaa. Nilidhani amekishikilia kiapo chake kwa mikono miwili. Ramadhani nzima nilimwona anasali sana na kusema kidogo, nikazidi kuogopa.

Idi ikapita. Ijumaa ya kwanza baada yake akamwambia Aflah amtafutie maskini kumi, anataka kuwalisha. Hatukuona ajabu, sadaka ni kawaida yake. Ila alikataa nisimsaidie. Aliniachia vitunguu thomu vya kumenya, basi. Nyama aliichagua mwenyewe, pilau aliipika mwenyewe, na mtu asiyeona vizuri hukisia viungo kwa pua, kwa hiyo nyumba nzima ilinukia bizari mpaka barabarani. Aflah akawaleta Wabangali wanaofagia mitaa yetu na wale wanaomwagilia bustani za barabara kuu. Wakakaa barazani, wameoga, wamechana nywele kwa maji. Mama akawahesabu kutoka dirishani, akamwita Aflah ndani, akamwambia ni tisa. Aflah akasema mmoja ana homa, lakini chakula kitatosha na kusaza. Mama akasema tisa hawafai. Pilau ikakaa imefunikwa, wale watu wa Mungu wanaisikia harufu wanavumilia, Aflah anazunguka na gari Ghubra nzima kutafuta maskini mmoja. Alirudi na mzee mmoja aliyemkuta msikitini. Ndipo sinia zikatoka.

Na mimi mwalimu wa watu sikung'amua. Wewe pengine huko uliko umeshang'amua.

Alhamisi iliyopita nilikuwa nasahihisha madaftari, Ghadeer akanijia mbio kunambia ile hadithi ya besiboli inaonyeshwa tena. Nadhani hiyo stesheni haina vipindi vingi. Mama alikuwa chumbani anajipaka mafuta kichwani baada ya kuoga. Nikakaa na kalamu yangu nyekundu mkononi, nikasema na mimi niuone huo mkono unavyofunguka.

Ghaith, haufunguki. Kijana anakuja mbio, anatabasamu, amekwisha kunyoosha mguu. Mdakaji anamngoja mpaka amefika karibu kabisa, kisha anamgusa na mpira kifuani. Anamgusa taratibu, bila hasira. Anavua barakoa, ni mzee mwanamume, rafiki yake wa zamani, machozi yanamtoka. Anamwambia samahani, sheria ni sheria. Mguu wa kijana uko juu bado haujashuka, na picha inakuwa giza. Ghadeer akasema mama, bibi alituhadithia vingine.

Nilidhani ni macho. Nikajilaumu kuwa tumechelewa kumpeleka kwa daktari, kwamba Mama wangu anakaa mbele ya sanduku haoni kitu, anajitungia mwenyewe. Nikaenda chumbani kwake. Nikakaa kitandani, nikachukua kitana nikaanza kumchana, nikamwambia nimeuona mwisho wa yule kijana. Akaniuliza mwisho gani. Nikamweleza nilivyouona. Nikamuuliza taratibu, nisimvunje moyo, kama siku ile picha ilikuwa haionekani vizuri.

Akasema, "N'liona vizuri sana, jicho la kushoto halina neno. Wao ndo walokosea. Mama aliengoja vile hawezi kumgusa mwanawe na mpira." Nikamwambia lakini Mama, yule ni mwanamume. Akasema, "Basi ndo maana."

Nilicheka mpaka kitana kikanidondoka. Yeye hakucheka. Alingoja nimalize, akanambia kuwa wale maskini kumi hawakuwa sadaka. Ilikuwa kafara. Kiapo chake amekivunja, si kwa kusahau wala kwa kuponyokwa, amekivunja kwa kukusudia na kafara yake ameilipa kama alivyoamrisha Mwenyezi Mungu, watu kumi, si tisa. Nilimuuliza kwa nini hakutwambia. Akasema angetwambia ningeililia pilau na kuitia chumvi, na kwamba alitaka kwanza jambo liishe baina yake na Mola wake, kisha ndiyo lije kwa watu.

Halafu alisema jambo ambalo sikupata kumsikia akilisema tangu Baba alipofariki, na nakuandikia jinsi alivyosema. Alisema siku ile hakuwa na hasira na wewe. Alikuwa na hasira na Baba kwa kufa, na huwezi kumwapia maiti, na hasira ilikuwa kubwa haikupata pa kukaa, nawe ulikuwa mbali, mtu aliye mbali ni rahisi kumbebesha. Alipokwisha kutamka mbele ya wale wanawake, akaona aibu kurudi nyuma. Aibu ya siku moja ikawa ya mwaka, ikawa ya miaka. Alisema alipomwona yule mwenye barakoa amechuchumaa na mpira, uwanja mtupu, majani yameota, alijiona yeye. Kila mtu amekwenda zake, na hata waliosikia kile kiapo nusu yao wamekwisha kufa, na yeye bado yuko pale analinda mlango asiingie mtu anayemtaka kuliko wote.

Nililia, Ghaith. Nimekuwa nikikutamani miaka yote hii na nikijifanya sikutamani, ili nyumba itulie. Nilikuwa nikizungumza na wewe kwenye simu jikoni kwa sauti ya chini, utafikiri natenda dhambi. Nimechoka na sauti ya chini. Nataka uje nikugombeze kwa sauti kubwa mbele ya watu kama zamani.

Sasa sikiliza sababu ya Amerat. Mama anasema alichokiapia ni mlango huu, na mlango huu ndio utakaopitia. Hataki uje ukamkute kwenye nyumba mpya, ionekane kama amehama ili akwepe neno lake. Kwa hiyo hahami mpaka umekuja. Aflah amekwisha kuwaambia mafundi wasiharakishe kupaka rangi, na yeye ndiye anayetaabika na ule mlima, lakini anaupanda huku anapiga mluzi. Njoo kabla ya mwezi wa sita, na ukiweza njoo kabla ya mwezi wa nne, uwepo siku ya jicho. Njoo na Mildred na Bakhita. Usije peke yako ukasema umekuja kupima hewa. Mama ameniuliza kama Mildred anakula samaki, nikamwambia ametoka Kisumu, samaki wamemlea. Akaridhika. Akasema Kiswahili chake ni cha bara lakini ni Kiswahili, atamzoea.

Nafikiri nimemaliza, na karatasi nayo inakwisha. Aflah anakusalimu sana, anasema umletee rungu moja la huo mchezo. Ghadeer anakusalimu, yeye na ndugu zake wadogo, na anataka kujua kama ni kweli Bakhita hajui Kiarabu hata neno. Bi Kheiria anakusalimu, harusi ya mwanawe ni baada ya Idi kubwa na umealikwa.

Barua zangu zote kwako, tangu Baba alipotutoka, nimezimaliza kwa salamu kama hizi, kila mtu wa nyumba na jina lake, na najua ulikuwa ukizisoma mpaka chini kutafuta jina moja ambalo halikuwemo. Nilikuwa nikilijua hilo kila nilipofunga bahasha. Leo nilipofika hapa nilikwenda kumuuliza. Ameniambia niandike, na amesimama nyuma ya kiti changu mpaka nimeandika, ingawa kutoka pale haoni herufi.

Mama anakusalimu. Anasema ukifika uingie kwa mguu wa kulia.

Dada yako akupendaye,
Masouda